Gari Lisirudi Tupu

Ofisi ya kupangia safari ilikuwa chumba kimoja kando ya lango la yadi. Dirisha moja lilitazama mizani, la pili lilitazama karakana, na ukuta uliobaki wote ulikuwa ramani. Ramani hiyo ilikuwa imeungwaungwa kwa gundi, jimbo na jimbo, mpaka ikawa pana kama shuka la kitanda. Juu yake zilichomekwa pini, na kutoka pini hii hadi ile ukavutwa uzi, kila dereva na rangi yake. Gari likiondoka, uzi unavutwa. Gari likirudi, uzi unakunjwa na kutiwa kwenye kopo la maziwa. Mwenye kazi hiyo alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na yadi nzima ilimwita Bi Uzi. Hata tajiri mwenye malori alimwita hivyo hivyo, naye akaitika.

Kupeleka mzigo, Bi Uzi alikuwa akisema, hata mlinzi wa getini anaweza kupanga, kwa sababu mwenye mzigo anakuja mwenyewe na haraka zake. Kazi ni kurudi. Gari likirudi tupu limekula mafuta bure, limekula matairi bure, na dereva kachoka bure. Basi lori halijatoka getini, yeye ameshashika simu, anapiga kiwanda hiki na ghala lile, anabembeleza, anatania, anaulizia watoto wa watu, mpaka ampate mwenye mzigo wa kuja upande huu. Tangu akalie kiti kile hakuna gari lililorudi tupu, na hilo alilijua kila mtu. Fundi wa karakana, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema Bi Uzi hata akienda msalani hurudi na kitu. Watu walicheka, na Bi Uzi naye akacheka, maana ndani ya mzaha ule alisikia sifa.

Tabia hiyo hakuianzia ofisini. Mama yake alikuwa mtu asiyepoteza hatua. Ukitumwa kupeleka vyombo bombani, urudi na maji. Ukienda kuanika nguo, urudi na zilizokauka. Ukirudisha chupa dukani, pitia kwa jirani uchukue ungo wetu. Mtoto akirudi hivi hivi, mama alimshika viganja, akavigeuza, akavikagua kama anayetafuta mwiba, kisha akamuuliza, "Hii mikono ulipewa ya kupunga?"

Sasa mama huyo alikuwa mzee, akiishi na Bi Uzi katika nyumba ndogo nyuma ya soko. Akili ilikuwa timamu na ulimi haukupungua makali, ila mgongo ulimsaliti. Daktari alisema kukaa kitako muda mrefu ni sumu kwake; alale, au atembee kidogo, basi. Kwa hiyo mchana kutwa alilala ubavu kwenye kochi refu la sebuleni, kichwa upande wa dirisha, simu kifuani.

Simu ilikuwa ya kuongea na mdogo wake. Mdogo wake huyo, mama mdogo wa Bi Uzi, aliolewa mbali, jimbo la kusini, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na wawili hawa hawakuonana tangu mgongo ulipoanza. Waliongea kila siku, na kila siku waligombana, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: mkasi. Marehemu mama yao alikuwa mshonaji. Aliacha cherehani na mkasi mzito wa chuma wenye vishikio vyeusi. Mdogo akachukua cherehani, mkubwa akachukua mkasi, na kila mmoja akashikilia kwamba mwenzake kabeba kisicho chake. Simu ikipokelewa tu, hata salamu bado, mama mdogo angeuliza, "Mkasi wangu hajambo?" Na mama angejibu, "Hajambo, anakusalimu. Na cherehani yangu, unaitia mafuta au imeshakuwa kiota cha panya?" Ndivyo walivyopendana.

Kisha simu zikaanza kuwa fupi. Moyo wa mama mdogo ulikuwa umechoka, binti yake alieleza. Akiongea kidogo, pumzi inakatika. Mchana mmoja Bi Uzi alirudi kula akamkuta mama ameiweka simu sakafuni, anaangalia dari.

"Leo hakuniuliza mkasi," mama alisema.

Bi Uzi akampa maji.

"Nataka nimpelekee," mama akaendelea. "Mimi mwenyewe, nimtie mkononi. Ashinde yeye, basi. Nimechoka kushinda."

Kusema ni rahisi. Basi la abiria lingemkalisha kitako kutwa nzima na angefika amekunjika. Teksi, vile vile. Bi Uzi alitaja gari la wagonjwa, na mama akamwambia gari la wagonjwa atapanda siku atakapokuwa mgonjwa. Halafu akasema neno ambalo Bi Uzi hakulitarajia, kwa sababu mama huyu ndiye aliyesusa kula mwanawe wa kiume alipochagua kuendesha malori, na mpaka leo lori aliliita jumba la matairi. Alisema, "Mdogo wako si ana kitanda mle ndani?"

Mdogo wake Bi Uzi, kitindamimba wa nyumba, yadi nzima ilimwita Kinyonga. Hakuwa mtu wa kubadilika rangi. Jina lilikuja kwa sababu ya mwendo. Aliendesha kana kwamba barabara ni yai. Wenzake walimpita wakipiga honi na kumpungia, naye akafika baadaye kidogo bila taa iliyovunjika wala tairi lililochanika. Alikuwa na ila moja tangu utotoni: hakuweza kusema uongo bila kukohoa. Na kweli, kichwa cha lori lake kilikuwa na kitanda nyuma ya viti, chembamba, chenye godoro zuri na pazia. Mtu mzima angelala humo amenyooka.

Siku hizo Kinyonga alikuwa anajiandaa kwenda kaskazini na transfoma ya umeme, mzigo mpana uliozidi trela huku na huku. Mzigo wa namna hiyo huenda na kibali, gari dogo la kuonya watu likitangulia mbele, na kibali hakiruhusu abiria. Kwa hiyo, mbali na kwamba ni upande mwingine, mama asingeweza kwenda naye sasa. Lakini akishaushusha, akirudi, gari litakuwa lake. Angepitia nyumbani, amchukue mama, washuke naye kusini. Bi Uzi alikwenda kwa tajiri akiwa ameandaa hotuba, na tajiri alikubali kabla hotuba haijafika katikati. Alisema lori lirudi tupu na liende tupu, mafuta juu yake. Mama wa mtu si mzigo wa kupangiwa foleni.

Basi dada na kaka wakakaa kuipanga safari. Bi Uzi alipenda kuipanga mizigo mipana kama wengine wanavyopenda kusuka mikeka. Kwanza walitoka wakaipima transfoma ikiwa juu ya trela, na walilitoa trela mpaka kwenye lami ya nje ya geti, kwa sababu yadini matairi huzama kwenye vumbi, na ukipimia hapo unapata kimo cha uongo ambacho daraja litakuja kukusahihisha. Kisha wakarudi ukutani. Uzi wa Kinyonga ulikuwa wa kijani. Bi Uzi aliuvuta polepole, akisimama kila mahali. Hapa pana daraja la reli, chini yake hupiti, zungukia kiwanda cha sukari. Hapa ndipo mpaka wa jimbo. Hawa wanataka vitambaa vyekundu kwenye pembe za mzigo, wale wa mbele yao wanataka taa, weka vyote. Mizani hii foleni yake ni asubuhi, fika mchana. Kona hii trela refu halipiti mpaka yule wa gari dogo asimamishe wanaokuja. Hapa ulale, pana mlinzi na choo kisafi. Kinyonga aliitikia kwa kichwa, na mara moja moja akamrekebisha, kwamba kile kituo sasa kimefungwa, au mlima ule lami imechimbika. Pini ya mwisho ikachomekwa kaskazini kabisa.

"Na kurudi?" Kinyonga aliuliza.

"Tupu."

"Sema tena, dada. Sikio hili lina upepo wa dirishani."

"Tupu, mdogo wangu. Moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mama."

Kinyonga alicheka, akamwambia aapie kwenye uzi. Bi Uzi aliuzungusha uzi wa kijani kidoleni, akauvuta kutoka kaskazini mpaka kwenye pini ya yadi, mkavu, bila kituo hata kimoja katikati. Ulionekana wa ajabu pale ukutani, kati ya nyuzi za wenzake zilizopinda huku na kule kutafuta mizigo.

Lori likaondoka. Nyumbani mama naye akajiandaa. Aliutia mkasi mafuta ya cherehani, akaufuta, akauviringisha kwenye kitambaa cheupe. Alifua foronya. Zaidi ya hayo alifanya mazoezi ya kupanda lori, maana aliambiwa ngazi zake ni ndefu: asubuhi na jioni alishika fremu ya mlango wa jikoni, akainua mguu kwenye kigoda, akajivuta, akashuka akihema, akauliza kama lori lina urefu huo. Bi Uzi alimwambia lori ni vigoda vinne hivi. Mama akasema basi mwanawe atambeba, yeye alimbeba zaidi.

Kinyonga alifika salama, transfoma ikashushwa na winchi, na akapiga simu kwamba kesho yake anageuza. Ni baada ya simu hiyo ndipo simu nyingine ikalia, ya kiwanda cha vigae.

Bi Uzi hakuutafuta mzigo ule. Wenyewe ulimtafuta. Kiwanda kilikuwa kando ya barabara ile ile ya kaskazini, na bwana wa mauzo, ambaye Bi Uzi alikuwa akimbembeleza mwaka mzima ampe kazi, sasa alikuwa anabembeleza yeye. Alikuwa na vigae nusu trela, mteja wake yuko kusini. Kusini wapi? Alipotaja mji, Bi Uzi aliinuka na simu sikioni akasogea ramanini. Ulikuwa mji unaofuata baada ya kwa mama mdogo. Barabara hiyo hiyo.

Alikataa. Alisema gari hilo lina shughuli ya nyumbani. Bwana akamwambia afikirie, yupo mpaka jioni. Bi Uzi akaketi, akafanya kazi nyingine, na kila alipoinua macho aliuona uzi wa kijani umenyooka mtupu, na ulimwasha kama jino.

Fundi aliingia kuomba chai. Katika maongezi yake ya ovyo ovyo akauliza kama yule bibi wa nyumbani atakayesafiri ameambiwa kwamba trela tupu linaruka. Lori lisipokuwa na uzito, alieleza, springi zake ni mawe. Kila shimo unalipokea kwa uti wa mgongo. Alisema hivyo, akanywa chai, akaenda zake.

Mtu akitaka jambo, sababu haikosi. Bi Uzi aliuona mgongo wa mama ukirushwa juu ya kile kitanda chembamba. Akaiona nusu trela ya vigae ikilikalisha gari chini, likienda kwa upole kama mashua kwenye maji matulivu. Huu sasa si mzigo, alijiambia, ni godoro. Kupakia kwenyewe ni nusu ya asubuhi, wana folklifti ya kunyanyulia. Na kwamba uzi wa kijani utapata kituo chake, na kwamba tangu akalie kiti kile hakuna gari lililorudi tupu, hayo hakujiambia. Yalikaa kimya nyuma ya yale mengine. Akapiga simu kiwandani. Kisha akampigia Kinyonga.

Kinyonga akauliza, mama anajua? Bi Uzi akasema hana haja ya kujua, ni kwa ajili ya mgongo wake. Kinyonga akasema haya.

Alifika kiwandani Ijumaa, akakuta malori mengine mbele yake. Zamu yake ikaja mchana. Folklifti ikaanza kumpakia upande wa kushoto, robota moja la vigae baada ya jingine, mpaka upande huo ukajaa. Ilipozunguka kuanza wa kulia, bomba lake la mafuta likapasuka, likamwaga sakafuni dimbwi jeusi. Wakasema fundi wake yuko mjini. Saa za kazi zikaisha, wafanyakazi wakaoga wakaenda makwao, na mlinzi akasema hadi Jumatatu. Kinyonga akabaki na lori lililolala upande kama mtu mwenye maumivu ya mbavu. Huwezi kuliendesha gari la namna hiyo. Kona ya kwanza tu linapinduka. Kuyashusha kwa mikono, robota moja lilizidi uzito wa fahali, na mlinzi hakuruhusu vibarua wa nje kuingia.

Jumamosi asubuhi alimpigia dada yake.

"Nikate kichwa," alisema. "Trela libaki hapa, mimi nije na kichwa peke yake. Kitanda si kiko huku mbele? Jioni niko nyumbani, kesho tuko kwa mama mdogo."

Bi Uzi alikuwa amesimama mbele ya ramani. Trela likikatwa kichwa husimama kwa miguu yake miwili ya chuma. Aliiona miguu hiyo, na uzito wote wa vigae upande mmoja, na udongo wa kiwanda cha watu. Akaona trela limelala ubavu, vigae vimekuwa changarawe. Na kichwa bila trela, hicho ni kitupu kuliko tupu. Alisema miguu haitahimili, asubiri Jumatatu.

"Dada, mama mdogo hali yake..."

"Jumatatu si mbali. Nimesema subiri."

Kinyonga alivuta pumzi. "Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye uzi."

Mama aliambiwa gari limeharibika. Kinyonga mwenyewe ndiye aliyemwambia, kwa simu, na mama akauliza nini kimeharibika, naye akasema kidude fulani cha mbele, akakohoa. Mama akamwambia anywe maji ya moto.

Jumapili, watu wakiwa wametoka kula cha mchana, simu ililia kifuani mwa mama. Bi Uzi alikuwa jikoni anaosha sahani. Alisikia mama akisema, "Naam," na baada ya muda tena, "Naam." Hakusikia neno la mkasi wala la cherehani. Akazima bomba. Alipoingia sebuleni mikono inachuruzika maji, mama alikuwa amegeukia ukuta, na alichosema ni kwamba binti wa mama mdogo amepiga, kwamba ilikuwa usingizini, na kwamba wanazika kesho.

Baadaye mama aliomba apewe ule mkasi. Akaufungua kitambaa, akaupanua mara moja, ukalia kile kilio chake cha chuma, akaufumba. Akaufunga tena.

Jumatatu folklifti ikatengenezwa, na Bi Uzi akawaambia wavishushe vigae vyote. Bwana wa mauzo alilalamika mpaka akachoka. Yadini, fundi aliposikia habari nzima, alisema bila kufikiri kwamba mbona wangeweka mbao pana chini ya ile miguu, wakakata kichwa. Mbao mbili tatu tu, ingehimili hata mwezi. Kisha akauona uso wa Bi Uzi. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ukashika breki. Akachukua kikombe chake akatoka, na hakurudi kuomba chai siku hiyo.

Kinyonga alifika nyumbani na lori tupu, akalisimamisha mbele ya nyumba likaziba mtaa mzima. Hakumuuliza dada yake kitu na hakumlaumu, na heri angelaumu. Mama alisema safari iko pale pale. Alisema alimwahidi mtu mkasi.

Basi wakaenda, Bi Uzi naye. Kinyonga alimbeba mama akampandisha, akamlaza kwenye kitanda cha nyuma na foronya yake safi, na Bi Uzi akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Miaka yote ile ya kuvuta nyuzi, hakuwahi kusafiri na lori. Aliyajua majina yote ya njiani na hakuna hata mahali pamoja alipopajua kwa macho. Uzi hauna milima. Uzi hauna watoto wanaokimbia kando ya barabara wakiomba dereva apige honi, wala ule mteremko mrefu ambapo Kinyonga alinyamaza na kushika usukani kwa mikono miwili mpaka chini.

Na lori lilikuwa likiruka. Fundi hakusema uongo. Minyororo ya trela iligonga, mbao zikagonga, kila shimo liliwanyanyua wote watatu likawarudisha kwa kishindo, ingawa Kinyonga alikwenda kama anayebeba maziwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa debe refu. Mama aliuma midomo. Mwishowe akasema, "Mbona linaruka hivi, hili jumba lenu?"

"Liko tupu, mama," Bi Uzi alijibu. "Lisipokuwa na mzigo linaruka."

Barabara ikaenda kidogo. Angeweza kuachia hapo. Kwenye kioo aliyaona macho ya Kinyonga, yakamwangalia mara moja yakarudi barabarani.

"Ndiyo sababu," Bi Uzi akasema. "Gari halikuharibika, mama. Nililipangia vigae. Nilijiambia litatulia, usiumie. Ndivyo nilivyojiambia."

"Najua halikuharibika. Huyu alikohoa."

Kinyonga akajikuna shingo.

Mama alikuwa ameshika kifurushi cha mkasi kifuani, pale ilipozoea kukaa simu. Akauliza, "Vilikuwa vigae vizuri?"

"Sikuviona."

"Hm," mama akasema. Na baada ya shimo jingine: "Kurudi na kitu nilikufunza mimi. Nilidhani nakufunza kazi." Akafumba macho, na Bi Uzi hakujua kama amesamehewa au amechokwa, na hakuthubutu kuuliza.

Kwa mama mdogo palikuwa na nyumba safi ya mabati yenye baraza la saruji. Binti yake aliwapokea, akalia kidogo, akawaonyesha kaburi nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu. Mama alisimama pale akishikwa huku na huku. Alikaa muda kuliko mgongo ulivyomruhusu, akiongea kwa sauti ya chini, na wao wakageuza nyuso. Waliporudi ndani aliomba apelekwe kwenye cherehani. Ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa, na alipokiondoa akapitisha kidole chini ya mkono wa mashine, akakitazama. Kilikuwa na mafuta.

Akauweka mkasi juu ya meza ya cherehani, vishikio vikielekea kiti.

Walipokuwa wanaaga, binti wa mama mdogo alisema cherehani ile yeye hajui kuitumia, inakaa bure. Kwa kuwa mmekuja na gari lote hilo, alisema, na gari lenyewe tupu, si muichukue? Mama yenu angeipenda.

Bi Uzi alimwona mama akimtazama, na Kinyonga akimtazama, na akadhani anajua wanachongoja kutoka kwake. Alijibu haraka, kwa sauti thabiti, kabla moyo haujageuka. "Hapana, mdogo wangu. Ibaki mahali pake. Sisi tutarudi tupu."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulisema neno hilo kwa hiari, na aliposaidia kumpandisha mama alijisikia mwepesi kidogo, kama mtu aliyelipa.

Lori likatoka, likaiacha lami ya mji, likaingia barabara nyembamba yenye mitaro mirefu huku na huku. Vyuma vikaanza tena kugonga. Walikuwa wameshakwenda mwendo wa kutosha mama aliposema, akitazama dari la kitanda, "Ile cherehani ningeichukua, mwanangu."

Bi Uzi akashika ukingo wa kitanda.

"Ningekuwa naitazama tu," mama akasema. "Mkasi na cherehani vimekaa pamoja kule, na mimi niko huku."

Kinyonga alipunguza mwendo. "Nigeuze?" akauliza, bila kugeuka.

Bi Uzi aliijua barabara ile pini kwa pini. Trela refu haligeuki penye mitaro. Mahali pa kugeuzia palikuwa mizanini, mbali huko mbele, na mizani hiyo hufungwa jua likizama. Aliangalia nje, akaliona jua lilipofika.

"Hapa haligeuki," alisema.

"Basi twende," mama akasema.

Kinyonga akaongeza gia taratibu. Shimo likaja, lori likaruka, na mgongo wa mama ukagonga ukuta wa kitanda. Bi Uzi akahama ukingoni. Akajipenyeza nyuma ya mama, kati yake na ule ukuta wa bati, akaegemeza bega lake pale mgongo ulipokuwa unagonga. Shimo lililofuata alilipokea yeye. Na lililofuata, na lililofuata, maana njia ilikuwa ndefu, na gari lilikuwa tupu.